Pampu inawaka kwenye manyuali, kwenye oto kimya

Mkuu, kama pampu yako ya tangi kwenye manyuali (kuwasha kwa mkono) inawaka, ila kwenye oto (ijiwashe yenyewe) kimya, basi mota na kontakta (swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota) ni nzima, usikubali fundi akuuzie mota mpya. Ile swichi ya manyuali-0-oto haiendeshi mota, inachagua tu umeme upite njia gani kwenda kwenye koili, ile sumaku ya ndani ya kontakta. Manyuali unapita kwenye batani ya stopu, ya stati, halafu kontakti ya 13-14 (swichi ndogo ya pembeni ya kontakta) inashikilia koili hata ukitoa kidole. Oto unapita kwenye floti ya tangi (swichi inayoelea), maji yakishuka inafunga, yakijaa inakata yenyewe, mwisho wa siku njia zote zinakutana A1, mguu wa koili. Ovaloadi (kinga ya mota isizidiwe umeme), miguu yake 95-96, ikae kabla ya swichi ili ilinde kotekote, nishakuta imefungwa upande wa manyuali tu, mota ikaungua usiku watu wamelala 😅 Na hiyo 13-14 isiguse upande wa oto, ikigusa floti itakata ila pampu itaendelea tu, maji yamwagike mpaka kwa jirani.

Kwako we anzia floti. Zima breka kuu, chomoa waya zake mbili kwenye paneli, pima na mita floti ikiwa inaning'inia, mita isipolia hapo ndo tatizo, mimi yangu panya alikula waya.