Wa Ngapi, Kati ya Kina Nani

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwomba mdogo wako auweke tena, maana uliongea kama mtu anayewahi basi. Nilivyokuelewa ni hivi. Mjukuu wangu yuko darasa la kumi, shule kubwa hapo pembeni ya Houston, na nafasi yake darasani inamweka kwenye asilimia 12 ya juu. Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kinachukua moja kwa moja asilimia 5 tu ya juu ya kila shule. Ng'ambo ya barabara kuu kuna shule nyingine isiyo kali sana, na akihamia huko mnaamini ataingia ndani ya hiyo 5. Unauliza nafasi ya darasani ina uzito gani hasa, na kama mhame nyumba kwa ajili hiyo.

La uzito nalimaliza haraka, kwa sababu nimekaa nikalisoma. Sheria yenu ilipitishwa mwaka 1997, baada ya mahakama, katika kesi ya Hopwood mwaka uliotangulia, kuvikataza vyuo kuangalia rangi ya mwombaji. Wabunge wakasema basi, kila sekondari ya Texas, iwe ya matajiri au ya kule mashambani, asilimia 10 ya juu waingie vyuo vya umma bila maswali. Austin ikafurika. Mwaka 2009 wakairuhusu iweke kikomo, robo tatu ya nafasi za wanafunzi wapya wa Texas ndizo za moja kwa moja, na tangu hapo kizingiti chake kimekuwa kikibana mpaka kikafika 6, na sasa 5 kwa wanaoingia kuanzia 2026. Lakini Texas A&M na vyuo vingine vya umma bado vinafuata ile 10. Na huyo wa asilimia 5 anahakikishiwa chuo tu, hahakikishiwi fani. Uhandisi au kompyuta ataigombea na wenzake. Aliyekosa hiyo 5 hajafukuzwa, faili lake linasomwa lote, masomo aliyochukua, insha zake na shughuli zake. Vyuo binafsi kama Rice, hapo hapo mjini kwenu, sheria haiviwashi wala haivizimi. Vyuo vingi huko hutangaza kila mwaka vinaipa nafasi ya darasani uzito gani, kuanzia muhimu sana hadi haiangaliwi kabisa, na sekondari nyingi za Marekani siku hizi hazipangi wanafunzi wao. Kwa hiyo kama ni Austin au kufa, nafasi ndiyo mlango. Kama si hivyo, ni kitu kimoja kati ya vingi.

Hilo limekwisha. Sasa nikwambie ninalotaka kukwambia.

Krismasi ile ya mjomba wako najua unaikumbuka, ingawa hatujawahi kuizungumza. Ulikuwa kidato cha pili, mwaka wako wa kwanza tangu uhamie ile shule ya vipaji maalumu. Umeshuka na treni, tranka kichwani, na bahasha ya kaki ya ripoti umeibana kwapani mpaka imelowa jasho. Wa 31 kati ya 40. Wewe, ambaye tangu darasa la kwanza hukuwahi kuvuka nafasi ya pili! Dada yako alikuwa shule ya kutwa hapa hapa, wa kwanza kati ya 52. Tumekaa barazani, pilau imepakuliwa, mjomba wako akaziomba ripoti zote mbili. Akazisoma kwa sauti mbele ya wageni. Ya dada yako alipoimaliza akatoa noti ya elfu moja, na elfu moja ya wakati ule unaijua. Ya kwako akaigeuza huku na huku kana kwamba amekosea upande, akasema, "Kumbe! Aliyezoea kuburuza leo kaburuzwa!"

Nilimwambia, shemeji, usiulize wa ngapi tu, uliza kati ya kina nani. Akanijibu, "Kati ya wanafunzi. Kwani anasoma na mbuzi?" Baraza zima likacheka. Mama yako naye alicheka, kidogo, nilimwona. Mpaka leo sijapata jibu la kumpa yule bwana, na amini usiamini, usiku mwingine huwa nalitafuta. Dada yako alikwenda dukani kuichenji ile noti, akarudi na Fanta mbili, moja akakutilia mkononi bila neno. Hilo lilinifurahisha kuliko ripoti yake.

Kidato cha nne ukatoka na divisheni wani, na mjomba wako akawa wa kwanza kutangaza msikitini na kanisani kwamba ni mpwa wake. Na hapo kwenu chuo kilipokuchukua, hakuna aliyeuliza ile 31. Hapa kwetu chuo kinatazama pointi zako za kidato cha sita, ulikuwa wa ngapi darasani ni habari yako na wazazi wako. Hata Baraza la Mitihani mwaka 2023 liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Watu mtaani walinuna, mjomba wako akiwa mbele.

Kwa hiyo moyo wangu ulivyo, ungekuja kuniuliza barazani ningekwambia mwache mtoto kati ya wakali. Nafasi bila kujua kati ya kina nani ni namba tu.

Lakini ngoja. Sheria yenu ya Texas haiulizi kati ya kina nani. Ndivyo ilivyokusudiwa! Inasema wa juu wa shule yoyote ni wa juu, basi. Nilipoifikia sehemu hiyo nilivua miwani, kwa sababu nilijiona mwenyewe.

Unajua nilikosoma. Kasulu, miaka ya 1970, kitabu kimoja cha hesabu tunakichungulia watu wanne, na mwalimu akienda kufuata mshahara mjini tunamsubiri wiki. Nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mgao wa mikoa na wilaya. Alama zetu wa Kigoma hazikupambanishwa uso kwa uso na za watoto wa Kilimanjaro, ambao shule za misheni wamezikuta tangu babu zao. Zingepambanishwa, ile treni ya kwenda Tabora ningeishia kuipungia mkono. Bwenini nikapangwa kitanda cha chini, juu yangu kijana kutoka Moshi, mpole kabisa, na usiku mmoja taa zimezimwa akaniambia taratibu, "Binamu yangu alikushinda alama nyingi tu, na yuko nyumbani. Umekalia kiti chake." Hakusema kwa ubaya. Sikumjibu. Kati ya kina nani, swali langu mwenyewe ninalolipenda, lilikuwa linanikaba mimi. Maana kati ya wa kwetu nilikuwa juu, na kati ya wa kwao ningekuwa wa 31, au sifuri.

Sasa niambie, nisimamie wapi? Nikisema nafasi haina maana, naikana treni iliyonitoa. Nikisema ina maana, namkubalia mjomba wako.

Pengine jibu ni kwamba mgao ule uliwekwa kwa ajili ya aliyekulia pale. Wachumi walioichunguza sheria yenu waliona familia zikifanya hiki hiki unachokiwaza, kumtoa mtoto shule kali na kumpeleka ambako ataonekana. Hamjavunja sheria. Ila ng'ambo ya hiyo barabara kuna mtoto leo hii yuko mwishoni kabisa mwa ile asilimia 5, pengine wazazi wake nao wamekuja juzi kutoka mahali, hajui kwamba mjukuu wangu anapakia mabegi. Simfahamu. Lakini kitanda chake cha chini nakijua.

Haya, na wewe utaniambia, Baba, mtoto wangu ni wangu, wa watu ana baba yake. Ni kweli. Mimi nami nilikupeleka shule ya vipaji bila kuuliza umemsukuma nani. Sitaki kujifanya mtakatifu kwa nauli ya mtu mwingine.

Kilichoniudhi hasa ulikitaja mwishoni, haraka haraka, kama kitu kidogo. Kwamba ataacha violini, kwa sababu A ya muziki hesabu yake inaishia 4 na A ya yale masomo ya AP, ya kiwango cha chuo, ni 5, kwa hiyo kila akipata A ya muziki wastani wake unashuka. Nimelisikiliza hilo tena na tena. Mtoto anafanya vizuri kabisa na anashuka! Mwaka jana alinipigia violini kwenye simu, mtandao ukawa unakatika, akaanza tena kila ulipokatika. Hesabu inayomwadhibu kwa hilo mimi siiheshimu, hata kama ndiyo inayofungua mlango wa Austin.

Mama yako amesema nisikuamulie, wewe ni mtu mzima na nyumba ni yako. Nimekubali, kwa shida. Kwa hiyo sikwambii uhame au usihame. Nakuuliza tu yeye mwenyewe anasemaje, maana katika ujumbe wote nilikusikia wewe, nikamsikia mkeo kwa mbali, yeye sikumsikia. Halafu mulizeni mshauri wa shule kama violini inaweza kuchukuliwa bila kuingizwa kwenye wastani. Nimesoma kwamba kuna wilaya huko zinaruhusu.

Mpigie mama yako Jumapili. Ana yake kuhusu jambo hili, na anasema Krismasi ile hakucheka.

Baba yako