Dawa ya moto haitoshi bila kisu

SWALI: Mama yangu mdogo ana miaka 52. Tumbo lake lilikuwa linajaa maji, akameza dawa za kifua kikuu miezi 6 bila nafuu. Sasa biopsi, kipimo cha kijipande cha nyama, imeonyesha mezotelioma, saratani ya utando wa tumbo. Daktari anataka apasuliwe, kisha tumbo lioshwe kwa dawa ya saratani iliyopashwa moto. Tunaogopa kisu. Haiwezekani aoshwe tu? – Msomaji, Bukavu

JIBU: Poleni sana. Hapana, kuosha peke yake hakutamponya. Dawa inayomiminwa tumboni hupenya milimita 2 au 3 tu. Uvimbe wenye ukubwa wa harage utaungua juu, kiini kibaki hai. Ndiyo maana mpasuaji hutoa kwanza kila kinachoonekana: utando wenyewe, pazia la mafuta linalofunika utumbo, pengine wengu na kipande cha utumbo. Ni kazi ya saa 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Kusibaki donge linalozidi milimita 2.5. Hapo ndipo dawa ya saratani iitwayo sisplatini, mara nyingi pamoja na nyingine, doksorubisini, huzungushwa tumboni kwa mashine, ikiwa na joto la nyuzi 41 hadi 43, kwa dakika 60 hadi 90.

Hatari zipo: mshono wa utumbo kuvuja, figo kudhurika, chembe nyeupe za damu kushuka. Kwa hiyo mpelekeni kwa timu inayoufanya upasuaji huu mara kwa mara, hata kama ni safari ya India. Katika uchunguzi wa wagonjwa 405 wa vituo vya namna hiyo, uliochapishwa 2009, karibu nusu walikuwa hai baada ya miaka 5. Lakini walikuwa wamechaguliwa kwa makini.

Msisafiri na karatasi ya majibu tu. Ombeni maabara kile kijipande cha nta chenye nyama ya biopsi, kipimwe tena kwa kalretinini na PAX8, protini zinazosaidia kutambua aina ya saratani, maana saratani ya ovari hufanana sana na hii.

Ikiwa hawezi kupasuliwa, hupewa dawa nyingine ya saratani, pemetreksedi, pamoja na sisplatini kwa mshipa kila siku 21. Wiki moja kabla ya dozi ya kwanza aanze asidi ya foliki kila siku, mikrogramu 350 hadi 1000, na achomwe sindano ya vitamini B12, mikrogramu 1000, inayorudiwa kila wiki 9. Bila hizo, mdomo hujaa vidonda na chembe za damu huporomoka. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, asimeze bila idhini ya daktari: inaumiza figo na kuzuia pemetreksedi isitoke mwilini.