Manukato Yasikutangulie Mlangoni

Ujumbe wa wasomaji safari hii karibu wote umetoka kwa wanaume, isipokuwa mama mmoja aliyeandika kumshtaki mumewe. Wote wanauliza habari za manukato. Wale waliouliza ni pafyumu gani "inayovuta wanawake" nimewaweka kando, kwa kuwa jibu lao ni kuoga.

Nimepata kazi benki hapa Kampala. Nataka chupa moja tu ya kuvaa kazini, kanisani na hata harusini. Ninunue ipi? – Kijana wa Ntinda

Hongera, kijana wangu. Chupa moja inatosha, mradi isiwe nzito. Kinachorusha manukato hewani ni joto la ngozi yako. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hatuungui kama watu wa Mombasa, lakini mchana nyuzi 27 au 28 ni jambo la kawaida, na asubuhi umebanana na watu kwenye taksi (matatu), madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Humo ndani, harufu ya malimau, bergamoti (tunda la jamii ya chungwa), lavenda au mbao nyepesi hupita salama. Asali, vanila na miski nzito zitakutia aibu kabla hujafika Wandegeya.

Soma maandishi ya chini kwenye chupa. "Eau de toilette" kwa kawaida ina mafuta ya harufu kati ya asilimia 5 na 15. "Eau de parfum" hupanda hadi 15 au 20. Kilichobaki karibu chote ni alkoholi. Kwa mtu wa kaunta, toilette inatosha kabisa. Majina? Acqua di Giò ya Armani, iliyotoka mwaka 1996, haijawahi kumkosea mtu ofisini. Terre d'Hermès ya 2006, yenye chungwa, pilipili na mizizi ya nyasi ziitwazo vetiva, inamkalia vizuri mtu anayetaka kuonekana mtulivu. Lakini kwa mshahara wa kwanza, mimi ningechukua Cool Water ya Davidoff. Ni ya mwaka 1988, bei yake haiumizi, na wenzako watakucheka kwamba ni ya kina baba. Waache wacheke, wengi wao wamejipulizia nakala za nakala yake bila kujua.

Usinunue kwa kunusa kikaratasi cha dukani. Harufu ya mwanzo huondoka ndani ya robo saa hivi, na wewe utaishi na ile inayobaki. Jipulizie mkononi, nenda kanywe chai, zunguka mjini, kisha unuse tena ndipo utoe pesa. Kazini na kanisani pulizia mara mbili, kifuani chini ya shati na pembeni mwa shingo. Harusi ya usiku, ongeza mara moja. Basi.

Mimi ni mwendesha boda hapa Arua. Asubuhi najipulizia vizuri, ikifika saa sita nanuka vibaya kuliko ambaye hakujipulizia. Pafyumu inaoza? – Mtu wa boda

Haiozi, ndugu yangu. Jasho likitoka halina harufu ya maana. Bakteria wa kwapani ndio hulivunja na kuzaa kikwapa. Ukipuliza manukato juu yake, unapata vyote viwili kwa mpigo. Anza na sabuni, punguza nywele za kwapa, kisha tafuta dawa ya kwapa ya kuzuia jasho, ile yenye chumvi za alumini. Ipake usiku kabla ya kulala, ngozi ikiwa kavu, sio asubuhi ukiwa tayari umeloa.

Halafu lifue lile koti. Nasema kwa heshima: makoti ya boda hufanya kazi mwaka mzima bila kuona maji, na kofia ya abiria ndiyo usiseme. Pua ya abiria iko nyuma ya shingo yako, hivyo shingoni usipake chochote. Puliza mara moja kifuani, chini ya shati, upepo utafanya mengine.

Kuna sababu nyingine ya kuiacha shingo. Mafuta ya bergamoti na ndimu ambayo hayakusafishwa yana kemikali ambayo ikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi. Kampuni kubwa huiondoa au huipunguza. Chupa iliyochanganywa mtaani hakuna anayekuhakikishia. Na jua la Arua unalijua.

Mume wangu anajipulizia mpaka watoto wanapiga chafya kwenye gari. Nikimwambia, anasema yeye hasikii hata harufu. Ananidanganya? – Mama wa watatu, Jinja

Hakudanganyi, dada. Pua ikikaa na harufu ileile huizoea na kunyamaza, ndiyo maana anaongeza kila siku, na nyinyi mnateseka kila siku. Mwambie hivi: kipimo ni mipulizo mitatu, atakayesema kama imepungua ni wewe, sio yeye. Akikataa, mnunulie nyingine ya harufu tofauti, ile ya zamani iwekwe kabatini mwezi mzima. Akiirudia atashtuka mwenyewe.

Na kama chupa inakaa ndani ya gari, itoeni. Joto na mwanga ndivyo vinavyoharibu manukato, na gari lililoegeshwa juani ni mahali pabaya kuliko pote. Bafuni nako sipapendi. Kabati la nguo, ndani ya boksi lake, yatosha.

Yangu haidumu hata saa mbili. – Mwalimu, Gulu

Kwanza soma jibu la mama wa Jinja, kisha mwulize mwalimu mwenzako kama kweli imeisha. Kama imeisha, huenda ni ngozi kavu, hasa kiangazi kile cha Desemba mpaka Februari. Ninyi wa kaskazini mnayo dawa nyumbani: mafuta ya shea, moo yao. Paka kidogo sana kifuani baada ya kuoga, yaache yazame, ndipo upulize. Yakiwa yametengenezwa kijijini na bado yananukia moshi, tafuta yaliyochujwa, la sivyo moshi utashinda.

Mwezi ujao nakwenda kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kujitambulisha kwa wakwe, huko Masaka. Mimi ni Msamia wa Busia, desturi za Baganda nazijua juujuu tu. Nitavaa kanzu na koti. Nijipulizie nini? – Mkwe mtarajiwa

Swali hili nimelipenda kuliko yote.

Kwanza fikiria utakavyokaa. Mtakuwa chini ya hema saa nyingi, mchana, mmebanana safu kwa safu. Senga, yaani shangazi wa bibi harusi, atakuja karibu nawe kukutambua mbele ya watu, wazee watakukagua, na baadaye italetwa luwombo, kitoweo kilichopikwa ndani ya jani la mgomba, na jani lake litafunguliwa. Ile harufu ya luwombo ndiyo inayostahili kutawala hema. Pafyumu ya klabu, tamu na ya kishindo, itagombana na chakula, na mama wakwe wataona umeleta ugomvi.

Chagua harufu ambayo mzee wa miaka sitini anaitambua: lavenda, sabuni, malimau, ile harufu ya kinyozi aliyesoma kazi yake. Azzaro Pour Homme ya 1978 ni ya namna hiyo. Brut, ya 1964, ni rahisi zaidi na wala usiione haya. Yawezekana baba mkwe aliivaa siku yake. Ukiwa na pesa, Eau Sauvage ya Dior, iliyotungwa na Edmond Roudnitska mwaka 1966, ndiyo ningekuvisha mimi. Angalia usipewe Sauvage peke yake, ambayo ni ya 2015 na ni kitu kingine kabisa. Wauzaji huchanganya majina, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi.

Kanzu nyeupe haisamehe. Jipulizie mwilini, ngoja ikauke kabisa, kisha vaa. Manukato ya mafuta, au yenye rangi ya chai, yakigusa kitambaa cheupe huacha doa la njano, na picha za siku ile zitaning'inia ukutani miaka mingi. Ukitaka harufu iendelee hadi jioni, puliza kidogo kwenye bitana ya koti, kwa ndani.

Jambo la mwisho hakuna anayelifikiria: msafara wako. Wanaume kumi na tano kutoka Busia ndani ya basi dogo, kila mmoja na chupa yake, mkifika Masaka mtashuka na wingu. Kubalianeni mapema kwamba bwana harusi ndiye atakayenukia, wengine waoge vizuri. Muko, yaani kaka wa bibi harusi, atapokea jogoo wake. Tunataka amkumbuke jogoo, sio basi lenu.

Wala usijaribu pafyumu mpya siku ileile. Ivae wiki mbili kabla, ujue kama inakuumiza kichwa.

Muuguzi wa kiume, Mbarara: zamu za usiku nivae ipi?

Usivae. Wodini kuna wenye pumu, kuna wajawazito wanaotapika kwa harufu ya maji tu. Sabuni na nguo safi. Pafyumu ni ya siku ya mapumziko.

Assalaam alaykum. Ijumaa mimi hupaka udi wa mafuta. Kijana wangu anatumia ya kupuliza yenye alkoholi, na wapo wanaomwambia haifai kwa swala. Wasemaje? – Mzee wa Bombo

Waalaykum salaam, mzee wangu. Hukumu sio fani yangu, na masheikh wenyewe wana kauli mbili: wapo wanaoikataa alkoholi kila mahali, na wapo wanaosema hiyo ya manukato si kinywaji na hukauka, haina neno. Mpelekee imamu wenu. Mimi nitasema ya chupa.

Mafuta hukaa karibu na mwili na hudumu. Tone moja nyuma ya sikio na kidogo kwenye ndevu vinatosha safu nzima. Udi halisi hutoka kwenye mti wa Asia uitwao Aquilaria, pale ukungu unapouvamia na mti ukajitetea kwa utomvu mweusi. Ndiyo maana ni ghali mno. Kichupa cha bei ya sahani ya chakula ni udi wa maabara. Sio haramu kunukia udi wa maabara, ila usilipe bei ya ule wa mti.

Na kijana akitaka kuepuka mjadala wote, afukize kanzu yake. Wanawake wa Kinubi hapo Bombo watamfundisha chetezo na ubani vizuri kuliko mimi. Moshi hauna alkoholi.

Nimeuziwa Sauvage ya mililita 100 kwa shilingi elfu thelathini, wakasema ni orijino ya Dubai. Nimeibiwa? – Mbale

Ndiyo. Chupa halisi ya ukubwa huo haiuzwi chini ya laki tatu, Dubai wala Paris. Tazama namba ndogo chini ya chupa kama inafanana na ile ya kwenye boksi, tazama kifuniko kama kinakaa sawasawa, na nusa baada ya saa moja: ya bandia mara nyingi hufanana mwanzoni, kisha hugeuka kuwa spiriti tupu.

Lakini usiisuse Dubai yote. Emirati zina kampuni zinazoweka majina yao wenyewe kwenye chupa, kama Lattafa na Armaf. Club de Nuit Intense Man ya Armaf inafanana sana na Aventus ya Creed, ya 2010, kwa sehemu ndogo ya bei yake. Hiyo ni kuiga harufu, na mnunuzi anajua anachonunua. Kubandika jina la Dior kwenye maji usiyoyajua ni wizi. Ungewapa hao wa Emirati hizo elfu thelathini, ukaongeza nyingine juu yake, ungepata kitu cha kweli.

Kabale ni baridi. Sheria zenu za Kampala zinatuhusu? – Mfanyabiashara

Hapana, na nawaonea wivu. Mko karibu mita 2,000 juu, mnavaa makoti, hivyo zile nzito tunazowakataza wengine kwenu zinakaa: ambari, mdalasini, ngozi, vanila. Fahrenheit ya Dior, ya 1988, kwenye ubaridi wa asubuhi ni starehe. Ukiona vanila kwenye boksi usidhani wakulima wetu wa Mukono au Bundibugyo wamefaidi. Vanilini, kile kiini cha harufu ya vanila, nyingi ya manukato ni ya kiwandani, na Wajerumani wameweza kuitengeneza tangu 1874.

Ila siku ya kushuka Kampala kwa basi, iache nyumbani. Ni kilomita kama 400, na jirani yako wa kiti hana pa kuhamia.