Fundi Anajibu: Walitwaa Kombe, Kisha Wakavunja Timu

SWALI: Habari ya siku nyingi, Mzee. Mimi naendesha bodaboda, steji yangu ni Kayole Junction. Binamu yangu anaishi Poole, Uingereza, na kila wiki hunitumia video za mbio za pikipiki za speedway, daraja la pili. Timu yao ikishinda ligi, msimu unaofuata nusu ya waendeshaji hawapo, wengine wamevaa jezi za wapinzani! Nikimuuliza anasema “ndiyo sheria”. Sheria gani hiyo ya kufukuza washindi? Au wanakula pesa? — *Msomaji, Kayole*

JIBU: Kijana wangu, umenigusa penyewe. Kabla sijafungua karakana hapa Kirinyaga Road (sisi wa zamani tungali tunaiita Grogan) nilifanya kazi miaka minne Glasgow, na kila Ijumaa jioni nilikuwa Ashfield, uwanja wa speedway wa kule, na penseli sikioni. Kule mtazamaji hakai mikono mitupu. Ananunua kijitabu cha programu mlangoni na kujaza alama mwenyewe mbio kwa mbio. Nami mpaka leo, Ijumaa saa tatu na nusu usiku, simu naiegemeza kwenye kopo la grisi, daftari liko magotini.

Pesa si jibu. Jibu ni hesabu, na ni hesabu ya kikatili.

Timu ina watu saba. Jioni moja ina mbio 15, kila mbio watu wanne, wawili wa kila upande, mizunguko minne, dakika moja hivi na imekwisha. Wa kwanza alama 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anakula vumbi. Basi kila mbio ina alama sita, na jioni nzima ina 90. Ukifika 46 umeshinda.

Sasa kila mwendeshaji ana wastani wake, kama bei iliyoandikwa kwenye spea. Chukua alama zake zote, gawanya kwa idadi ya mbio alizoingia, zidisha kwa nne. Aliyepata 30 katika mbio 20 ana wastani wa 6.00. Akimaliza nyuma ya mwenzake wa timu, mbele ya mpinzani, anaongezewa alama moja ya hisani. Haiingii kwenye matokeo ya mechi, lakini kwenye wastani wake inaingia.

Wenye timu hukutana msimu ukiisha na kuweka kikomo: jumla ya wastani wa watu wako saba isizidi kiasi fulani. Tuseme 40. Wewe meneja umeunda timu ya 40 kamili, na mle ndani kuna vijana wawili wa 3.00 kila mmoja, ambao hakuna aliyewataka. Vijana wakaiva. Kufikia Oktoba kila mmoja ana 6.00. Umetwaa kombe, umebebwa mabegani, lakini timu ile ile sasa ina jumla ya 46. Hizo sita za ziada lazima zitoke kwa mlango. Utamwacha nyota wako, au utawaacha vijana uliowalea mwenyewe? Binamu yako amesema kweli, ila hakukueleza uchungu wake.

Ndiyo maana nikitaka kujua nani atachukua ligi sitazami nyota. Nyota wote wanakaribiana. Natazama namba 6 na namba 7, wale wa akiba, wenye wastani wa chini. Jina lisikudanganye ukadhani wanakaa benchi kama kwenye kandanda. Mbio ya pili ni yao, akiba kwa akiba, na meneja anaweza kuwaingiza mahali pa wenzao wanaokwenda vibaya, hata mmoja akafikisha mbio saba jioni moja. Isitoshe, wastani hupigwa upya msimu ukiendelea. Mwendeshaji mzuri aliyeumia bega, akarudi akawa anamaliza wa mwisho majuma kadhaa, anashuka hadi akiba. Bega likipona, una simba ndani ya zizi la mbuzi! Nimeona mechi zikiamuliwa hivyo, na mashabiki wa timu nyingine wakilia wizi. Si wizi. Ni daftari.

Jambo jingine: kuongoza jedwali peke yake hakukupi taji. Wa juu huenda kwenye mchujo, nyumbani na ugenini, alama za mechi mbili zikajumlishwa. Na uwanja wa ugenini ni mwingine kabisa. Kona ambayo wenyeji wanaijua kama mlango wa jikoni kwao, mgeni anaipapasa.

Halafu mwambie binamu yako, kwa heshima zote: Poole walichukua 2021, wakachukua 2022, na 2024 wakarudi tena. Lakini 2023, walipokuwa wanataka la tatu mfululizo, nani aliwazuia kwenye fainali? Glasgow. Usiku ule mke wangu alidhani nimevamiwa na wezi.

SWALI: Shikamoo Baba. Kijana wangu ana Boxer. Ameona mtandaoni pikipiki za mbio zisizo na breki na sasa anasema breki ni za waoga. Ni kweli zipo? — *Mama wa watatu, South B*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zipo. Injini ya silinda moja ya cc 500, inakunywa methanoli, gia ni moja tu na breki hakuna, mbele wala nyuma. Breki wamezikataza kwa sababu ya usalama. Wanne wanakwenda wameshikana karibu kama abiria wa matatu. Mmoja akifunga gurudumu ghafla, wa nyuma anampanda mgongoni. Bila breki hakuna anayeweza kumshtukiza mwenzake. Wote wanapinda kushoto tu, wanapunguza mwendo kwa kuachia mafuta na kulaza gurudumu la nyuma lifagie udongo, mguu wa kushoto umevaa kiatu cha chuma. Mkononi kuna kamba iliyofungwa kwenye swichi. Akianguka, injini inazima yenyewe.

Mwulize mwanao kama Outer Ring Road kila mtu anapinda kushoto. Kisha mlete kwangu Jumamosi na hiyo Boxer. Nitamkagulia breki bure, na nitampa kazi ya kuosha kabureta mpaka saa kumi.

SWALI: Mzee, mbona mechi inafutwa kwa manyunyu tu? Sisi huendesha kwenye mvua ya Aprili bila kulalamika. — *Mwanabodaboda, Kawangware*

JIBU: Nyinyi mnaendesha wima. Wao wanaegemea udongo wa mawe laini yaliyosagwa. Ukikauka sana unakuwa vumbi, kwa hiyo gari la maji hupita kati ya mbio. Ukilowa sana unakuwa uji, na wa mbele anampaka wa nyuma miwani yote. Glasgow nilishawahi kusafiri kwa mabasi mawili, nikafika langoni nikakuta kibao kimeandikwa kwa chaki. Programu ya siku ile ningali nayo, haina alama hata moja.