Baba yangu na mimi tunataka kukimbia nusu marathoni pamoja, lakini mwendo wetu hauendani

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 27, naishi Tudor, Mombasa, na wazazi wangu. Nimekusudia kukimbia nusu marathoni mwaka ujao pamoja na baba, ambaye ana miaka 58 na anameza dawa ya presha kila siku. Mimi kilomita 10 namaliza kwa dakika 57. Baba akijikaza anamaliza kilomita 5 kwa dakika 40, na akifika hana pumzi hata ya kuitikia salamu. Tumejaribu kutoka pamoja mara tatu, na mara zote tatu tumerudi tumenuniana. Je, inawezekana tuanze pamoja na tumalize pamoja? Na hili joto letu tulifanyeje? – Binti wa Tudor

JIBU: Marahaba mwanangu. Inawezekana, na huko kununiana ndiko kulikonionyesha tatizo liko wapi.

Siwajui, lakini nadhani naweza kuhadithia asubuhi zenu. Mnatoka nyumbani sako kwa bako. Hazijaisha mita mia mbili, goti lako limeshatangulia la baba kwa nusu hatua. Hukukusudia, ndivyo miguu yako ilivyozoea. Yeye kwa kuwa ni baba hawezi kukuambia upunguze, kwa hiyo anaongeza. Wewe ukisikia viatu vyake viko karibu unajua mzee yuko sawa, nawe unaongeza. Kufika kilomita ya tatu anapumulia mabegani na haongei tena. Nimeona watu wengi wakiharibiana mazoezi namna hii pale Mama Ngina, kando ya bahari: mke na mume, ndugu na ndugu, na kila mmoja huapa kwamba ni mwenzake aliyekuwa akikazana.

Dawa yake ni bega. Kaa upande wa magari, na bega lako libaki nyuma ya bega la baba kwa upana wa kiganja. Usiwe sawa naye, wala usiwe hatua mbili nyuma kama mlinzi. Akipunguza, upunguze. Kisha muulize jambo linalotaka jibu refu, kama vile Tudor ilivyokuwa alipokuwa kijana. Akiweza kukujibu sentensi nzima bila kukata pumzi katikati, huo ndio mwendo wenu. Akianza kujibu "eeh" na "hapana", tembeeni.

Ndiyo, kutembea. Najua mzee atasema hakuja barabarani kutembea. Basi mpigie hesabu, maana wazee wetu huziamini hesabu kuliko makocha. Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Ule mwendo wake wa dakika 8 kwa kilomita ni wa kilomita 5 za kujikaza, hautafika mbali. Lakini akikimbia dakika tatu kwa mwendo wa dakika 8 na robo kwa kilomita, kisha akatembea dakika moja kwa haraka kama mtu anayewahi feri ya Likoni, wastani unakuwa kama dakika 8 na sekunde 53 kwa kilomita. Zidisha, utapata saa tatu na dakika saba. Na kutembea kwenyewe kuanze dakika ya nne tangu mtoke, wala msingoje achoke. Anayetembea baada ya kuchoka anapumzika tu, ila aliyetembea mapema ameweka akiba.

Hapa saa yetu ya Kiswahili inatusaidia. Mkianza saa kumi na mbili kamili asubuhi, muda mliotumia ndio saa yenyewe, mtamaliza saa tatu na dakika saba. Lakini wewe ni mtoto wa Mombasa, unajua jua la saa tatu lilivyo. Ndiyo sababu siwashauri mbio za wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi. Tafuteni mbio za Julai au Agosti, kusi inapovuma na joto limepungua.

Joto la kwetu husumbua zaidi kwa sababu ya unyevu. Jasho hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Hapa hewa imeshashiba maji, kwa hiyo jasho linadondoka chini badala ya kukauka, na jasho lililodondoka halikukupoza chochote, limekupunguzia maji na chumvi tu. Mbio za nyika za dunia zilipofanyika hapa Machi 2007, kwenye uwanja wa gofu, Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo. Aliacha njiani karibu na mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Baba akiona haya kutembea, mkumbushe siku hiyo.

Kwa hiyo tokeni mapema, baada ya swala ya alfajiri, na mkimbie mkiyakabili magari, yaani upande wa kulia wa barabara. Mama Ngina kuna upepo wa bahari na kivuli cha mibuyu. Daraja la Nyali liachieni mwezi wa pili, mkishazoea, kwa sababu ule mwinuko hudanganya, hauonekani kitu mpaka uwe juu yake. Mwili huchukua kama siku kumi hadi kumi na nne kulizoea joto, basi wiki mbili za kwanza msipime kitu.

Kuhusu maji, jipimeni kwenye mizani kabla ya mbio ndefu na baada yake, mkiwa mmevaa nguo chache na mmejifuta jasho. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Kupungua kidogo hakuna neno, lakini uzito ukiongezeka mmekunywa kupita kiasi. Watu wengi hawajui kwamba anayekaa barabarani saa tatu akinywa maji matupu kila kituo anaweza kuishusha chumvi ya damu mpaka akaanguka. Bebeni maji ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, yaliyochanganywa kama pakiti inavyosema. Dafu ni tamu na lina potasiamu kwa wingi, ila sodiamu yake ni kidogo, na sodiamu ndiyo inayotoka zaidi na jasho. Dafu lingoje mkimaliza, pamoja na kitu cha chumvi. Mihogo ya kukaanga inafaa.

Sasa dawa, na hapa sitaki mzaha. Kabla ya kuongeza hata kilomita moja, mzee aende kwa daktari wake na aichukue pakiti yenyewe mkononi. Amwambie waziwazi kwamba anajiandaa kukimbia kwa muda wa saa tatu kwenye joto, na aulize kama anahitaji kupimwa moyo kwa ECG. Dawa za presha hazifanani. Zipo zinazotoa maji mwilini, zile zinazompeleka mtu msalani kila mara, na anayezitumia hukaukiwa haraka na hupoteza chumvi haraka. Zipo za jamii ya atenolol, zinazozuia mapigo ya moyo yasipande. Mtu wa dawa hizo akiangalia mapigo kwenye saa ya mkononi ataona namba ndogo na kujidhani amepumzika, kumbe amefika mwisho wake. Kwake kipimo cha kuongea ndicho cha kuamini. Asiache dawa wala asibadilishe saa ya kumeza bila daktari kusema. Na zile tembe za maumivu, diclofenac na ibuprofen, ambazo wakimbiaji humeza kabla ya mbio kama peremende, yeye asiziguse: zikikutana na dawa ya presha na ukavu wa maji, figo ndizo zinazolipa. Akihisi kifua kinabana, kizunguzungu, au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, mbio zimekwisha. Kama ni joto, mmwagieni maji papo hapo mkingoja msaada.

Mazoezi nayo ni wiki kumi na sita, siku tatu kwa wiki kwa mzee. Siku mbili ni fupi, Jumapili ni ndefu. Hiyo ndefu ianze na kilomita 5 za kukimbia na kutembea, iongezeke kilomita moja au moja na nusu kila wiki, na kila wiki ya nne ipungue. Akifika 17 au 18 wiki tatu kabla ya siku yenyewe, inatosha. Wewe jiwekee siku yako ya kwenda mbio utakavyo, peke yako. Usiponiamini kwa jambo jingine, niamini kwa hilo. Mkimbiaji asiye na siku yake huileta hasira Jumapili.

Viatu: kama ni vya mtumba vya Kongowea, bonyeza sifongo ya kisigino kwa kidole gumba. Ikigoma kubonyea, imekufa, hata kama juu kinang'aa. Na mafuta ya mgando kwapani na mapajani kwa wote wawili, jasho letu huchuna ngozi.

Limebaki la mwisho, ambalo nilijifunza vibaya. Niliwahi kukimbia na kaka yangu mkubwa, tukaahidiana kumaliza pamoja. Kilomita ya kumi na tano akaniambia, "Wewe nenda." Nikaenda. Nilimaliza, nikapiga picha na medali, nikarudi nikamkuta ameketi ukingoni mwa barabara, misuli ya paja imekaza, anaombwa radhi na kijana wa maji kwa sababu maji yamekwisha. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nilipata muda mzuri.

Baba yako naye atakuambia "wewe nenda", takriban mahali hapo hapo. Kubalianeni nyumbani, kabla ya kuvaa namba, kwamba siku hiyo neno hilo halina nguvu. Akilisema, mpe chupa ya ORS, tembeeni dakika tano badala ya moja, kisha muulize tena habari za Tudor.