Mistari ya orodha katika GTK 4: kwa anayeanza kazi

Programu nyingi tunazoagizwa kutengeneza hapa Mbeya, ukizichunguza, ni orodha tu. Duka la pembejeo Uyole linataka orodha ya mbegu na mbolea. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga Igurusi anataka orodha ya magunia na wenyewe. Chama cha msingi cha kahawa kinataka wanachama na kilo walizoleta. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujahangaika na rangi za dirisha, elewa kwanza orodha inavyopata wijeti zake, yaani lebo, vitufe na vitu vingine vinavyoonekana dirishani.

Nazungumzia GTK 4, maktaba ya kutengenezea madirisha ya programu, iliyotoka Desemba 2020. Ukikuta mafunzo ya GtkTreeView, wijeti ya orodha ya zamani, yapite. Tangu toleo la 4.10 la mwaka 2023 imo kwenye vitu vinavyoachwa. Sasa tunatumia GtkListView, au GtkColumnView kama unataka jedwali.

Mpangilio wake ni huu. Data inakaa kwenye modeli, tuseme GListStore iliyojaa vitu vya aina ya Bidhaa. Modeli hiyo unaifunika kwa GtkSingleSelection ili mtu aweze kuchagua mstari. Kisha inakuja GtkSignalListItemFactory (kwa kifupi factory), ambayo ndiyo inayounda wijeti za kila mstari, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Orodha yenye bidhaa elfu kumi haiundi mistari elfu kumi. Inaunda ya kutosha kujaza kioo na akiba yake, basi. Ukiskroli, mstari uliopotea juu unachukuliwa na kupewa bidhaa inayoingia chini. Ni sahani za mama lishe pale Mwanjelwa: wateja ni wengi kuliko sahani, kwa hiyo kila sahani inasuuzwa kabla ya kumpakulia mwingine.

Ndiyo maana factory ina ishara mbili tofauti za kuanzia, yaani taarifa inazokutumia ili uandike kazi ya kufanya. Kwenye `setup` unaunda lebo, kitufe na boksi lao, bila kujua ni bidhaa gani itakayokaa humo. Kwenye `bind` unapewa bidhaa na kuandika jina lake kwenye lebo. Ukiunda wijeti mpya ndani ya `bind` programu itafanya kazi, ila kila ukiskroli unaitwisha kompyuta mzigo usio na sababu, na kompyuta za madukani mara nyingi ni za mtumba.

Sasa sikiliza hili la kusuuza. Umeamua bidhaa iliyoisha iandikwe kwa rangi nyekundu. Ndani ya `bind` unaandika: kiasi kikiwa sifuri, ongeza klasi ya CSS (jina la mtindo wa mwonekano) iitwayo `imeisha`. Ukajaribu na bidhaa nane, safi kabisa. Ikaja Novemba, mvua zinakaribia, duka limejaa watu, muuzaji anaskroli haraka kutafuta mbolea ya CAN, anaikuta nyekundu. Anamwambia mkulima aliyeshuka kutoka Ilembo kwamba imeisha, na stoo imejaa mifuko. Rangi ile ilikuwa ya mbegu ya UH6303 iliyokalia mstari huo kabla yake. Kila `if` ndani ya `bind` iwe na `else` yake: ukiongeza klasi upande mmoja, iondoe upande wa pili. Hivyohivyo kwa kuficha ikoni au kuzima kitufe.

Kitufe cha "Uza" ni hatari zaidi, maana kinagusa hesabu. Ukiunganisha ishara ya `clicked` ndani ya `bind`, kila mstari unapotumika upya unaongeza muunganisho mwingine juu ya ule wa zamani. Muuzaji anabofya mara moja, inatoka mifuko mitatu, tena miwili ni ya bidhaa nyingine. Iunganishe kwenye `setup` na uipe list item yenyewe, yaani kitu kinachoshikilia mstari huo. Kitufe kikibofywa ndipo uulize kwa `get_item()` ni bidhaa gani iliyopo hapo wakati huo.

Kisanduku cha tiki nacho kisitunze hali yake chenyewe. Hali ikae kwenye Bidhaa kama sifa (property) ya GObject, aina ya msingi ya vitu vya GTK. Ukitumia `bind_property` kuunganisha kiasi na lebo, namba itabadilika yenyewe mauzo yakifanyika, bila wewe kuijaza orodha upya. Lakini uhifadhi muunganisho huo na kuukata kwenye `unbind`, ishara ya tatu ya factory, inayokuja mstari unapoachana na bidhaa yake. Usipoukata, bidhaa ya zamani itaendelea kuandika namba zake kwenye mstari ambao si wake tena. Ishara ya nne, `teardown`, inayokuja mstari unapotupwa kabisa, mimi huigusa kwa nadra sana.

Picha za bidhaa zisisomwe kutoka diski ndani ya `bind`. Skroli itakwamakwama na lawama utapewa wewe.

Utaona makosa yote haya yanajificha orodha ikiwa fupi, kwa sababu hakuna mstari unaotumika mara ya pili. Andika kipande kidogo cha kuzalisha bidhaa bandia elfu kumi, nusu yake ziwe zimeisha, uskroli juu na chini kwa fujo kama muuzaji mwenye foleni. Fanya hivyo kabla ya kupeleka programu dukani.

Na kama orodha yenyewe ni fupi na itabaki fupi, kwa mfano vipimo vya mifuko ya kilo 5, 25 na 50, achana na factory. GtkListBox inaunda mistari yote mara moja, haibadilishani wijeti, na kwa vitu vichache hivyo inatosha.