Kabla hujawajibu chuo

Mwanangu Kabula,

Barua yako niliisoma kibarazani, mama yako akaisoma baada yangu huku akicheka, eti unaandika kama mimi. Umeuliza jambo moja tu: umepata nafasi ya uzamili wa hisabati za fedha London, je, hesabu ulizosoma pale Mlimani zinatosha, au utakwenda kuaibika mbele ya wenzako?

Zinatosha. Nadharia ya uwezekano unaijua, na milinganyo ya difrenshali ulishalia nayo vya kutosha; nakumbuka simu za usiku. Kalkulasi ya Itô itakusumbua mwanzoni, kwa kuwa bei inayotikisika kila nukta haina mteremko wa kupima, halafu utaizoea. Mlinganyo wa Black na Scholes wa mwaka 1973, ule wa kukokotoa thamani ya hiari ya kununua au kuuza kwa bei iliyofungwa, ukibadilisha vigeu vyake, unageuka ule ule wa kusambaa kwa joto, na huo unaujua.

Hilo limekwisha. Ila miaka yote niliyosimama ubaoni niliwaambia watoto wa watu: swali lisomwe mara mbili. Na lako nimelisoma mara mbili.

Habari ya mjomba wako na injini mnaisimulia kwenye sherehe kama kichekesho, mnamuiga anavyoipigapiga. Mimi haijawahi kunichekesha. Wakala wa kiwanda cha minofu alikuja Kayenze, akampa injini na nyavu kwa mkopo, na barafu juu yake, kwa sharti kwamba sangara wake wote apimiwe yeye, bei ikiwa imefungwa msimu mzima. Niliisoma karatasi ile pale pale mwaloni. Nikamwambia, shemeji, hapa hapajaandikwa wakala atafanywa nini akiikimbia bei hii. Akanijibu, mwalimu, wewe endelea na chaki zako.

Bei ilipopanda, wachuuzi wengine walimjia na fedha mkononi. Akawakatalia, kwa sababu alishatoa neno. Kisha mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa letu la Viktoria, kwa hofu kwamba wapo wanaovua kwa sumu. Boti ya barafu haikuja. Ilipokuja, wakala akasema bei ya kwenye karatasi ilikuwa ya wakati Ulaya inanunua. Sangara wakaishia kuwa kayabo, wa kukaushwa kwa chumvi, injini ikachukuliwa kufidia mkopo, na mjomba wako akarudi kupiga kasia. Wewe ulikuwa bado mgongoni kwa mama yako.

Hesabu yake unaijua kuliko mimi. Shemeji alibanwa bei ipande, ishuke. Yule bwana alikuwa na hiari: ikipanda anadai samaki, ikishuka anaondoka zake. Hiari ya namna hiyo ina thamani, ndiyo mnayokesha mkiikokotoa, na yeye aliipata bure! Hakuna aliyekosea kujumlisha. Swali liliandikwa na mtu mmoja, mwingine akalijibu.

Na si mambo ya mwaloni tu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1998, Urusi iliposhindwa kulipa madeni yake, uliyumba mfuko wa uwekezaji wa Marekani uitwao Long-Term Capital Management, ambamo walikuwemo Scholes huyo huyo na mwenzake Merton, waliopewa tuzo ya Nobeli mwaka 1997. Taasisi 14 za fedha zikachanga takriban dola bilioni 3.6 kuunusuru. Sidhani kama kuna aliyewazidi kwa kukokotoa. Lakini milinganyo ile huchukulia kwamba mnunuzi yupo muda wowote utakapotaka kuuza, na Kayenze tungeweza kuwaambia.

Mama yako amepita hapa, anasema nakutisha. Sikutishi. Tena nikibishana na nafsi yangu, nashindwa: laiti mjomba wako angekuwa yeye ndiye mwenye hiari, ya kuuza kwa bei ile, ameilipia ada yake, na soko linalodai dhamana limesimama katikati, angepona. Elimu hiyo hiyo ndiyo iliyomfaa. Na mkulima wa pamba wa Kwimba anapanda bila kujua atanunuliwa kwa bei gani, wakati pamba ya dunia inauzwa New York kwa mikataba ya miezi mingi mbele. Kwa hiyo nenda.

Hapana, sijasema nenda. Nimemwahidi mama yako kwamba sitakuamulia, na ahadi hiyo inaniwasha. Ila watakaokuajiri huko hawatakuita kwa ajili ya pamba ya Kwimba. Utakaa upande wa anayeandika ile karatasi. Au unaweza kuisoma kwa niaba ya anayeletewa asaini? Kazi hiyo ipo? Wanailipa? Hayo ndiyo niliyotaka uniulize, ukaniuliza habari ya kalkulasi.

Nitumie orodha ya masomo yote, siyo ya muhula wa kwanza peke yake. Nataka kuona kama lipo la hatari ya mwenzako kuukimbia mkataba, na kama ni la lazima au la kuchagua. Ada uiandike kwa shilingi, mama yako anataka kujua kama kiwanja cha Igoma kitaguswa.

Baba yako